Kumisi kwa silinda

Kumisi kwa silinda ni hali ya silinda moja au zaidi ya injini kushindwa kuchoma mchanganyiko wake wa petroli na hewa, ama muda wote ama mara moja moja, huku silinda nyingine zikiendelea na kazi. Neno lenyewe limetoka gereji, ambako fundi husema "injini inamisi". Makala hii inahusu utafutaji wa tatizo hilo katika pikipiki za zamani zinazotumia kabureta na zenye silinda zaidi ya moja. Mfano unaotumika ni Honda CB750 ya aina ya K, pikipiki ya silinda nne iliyotoka Japani mwaka 1969 na kuendelea kutengenezwa kwa injini ya kamshafti moja hadi 1978. Ina ujazo wa 736 cc na kabureta nne za Keihin, moja kwa kila silinda, na kwa sababu hiyo kila silinda inaweza kuugua peke yake.

Silinda za CB750 huhesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mtu aliyekaa kwenye kiti: 1, 2, 3 na 4.

Misingi

Katika injini ya mipigo minne kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, silinda moja huwaka mara 500. Ikifika mizunguko 6,000 huwaka mara 50 kwa kila sekunde. Kila mara hiyo huhitaji vitu vitatu: petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, mgandamizo wa kutosha, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja, silinda haiwaki.

Injini ya silinda nne ikipoteza moja bado huenda. Huvuta kwa uvivu, hutetemeka na kunywa mafuta mengi, lakini mwenye pikipiki anaweza kuizoea kwa miezi. Mazoea hayo ni ghali. Petroli isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda, hupita pembeni mwa ringi na kushuka hadi kwenye oili ya injini, ambayo huwa nyepesi na kushindwa kulinda beringi. Dalili yake ni oili kunuka petroli au kuongezeka badala ya kupungua. Petroli nyingine huwakia ndani ya bomba la moshi na kutoa milio kama ya bunduki. Kama chanzo ni upungufu wa petroli, joto la silinda hiyo hupanda likiwa chini ya mzigo, na pistoni inaweza kutoboka.

Kuijua silinda yenye tatizo

Hatua ya kwanza si kufungua kabureta bali kujua ni silinda ipi. CB750 ya aina ya K ina mabomba manne ya moshi, kwa hiyo kazi ni rahisi. Injini huwashwa ikiwa baridi na kuachwa dakika moja katika mzunguko wake wa chini, ule ambao mafundi huuita sailensa. Kisha matone ya maji hudondoshwa juu ya kila bomba karibu na hedi. Bomba la silinda inayowaka hukausha tone kwa mlio. La silinda iliyokufa hubaki vuguvugu na tone hutiririka tu. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali hufanya kazi hiyohiyo kwa tarakimu. Kugusa kwa vidole hakufai, maana bomba huweza kuunguza ngozi katika muda mfupi kuliko inavyodhaniwa.

Silinda inayomisi mara moja moja haijifichui kwa maji, kwa sababu bomba lake hupata joto pia. Hapo hutumika njia ya kuzima silinda moja baada ya nyingine. Injini huzimwa, kofia ya plagi huchomolewa na kuvalishwa plagi ya akiba ambayo mwili wake wa chuma umegusishwa vizuri kwenye injini, kisha injini huwashwa tena. Silinda nzima ikinyimwa cheche hivyo, mzunguko wa injini hushuka waziwazi. Mlio usipobadilika, silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi. Kuchomoa kofia wakati injini inanguruma na kuiacha ikining'inia ni tabia mbaya ya gereji nyingi. Mtu hupigwa na umeme wa maelfu ya volti, na umeme uliokosa njia hutafuta nyingine ndani ya koili na kuharibu utando wake. Kwenye pikipiki zenye CDI, kifaa chenyewe kinaweza kufa.

Jozi za umeme na jozi za mafuta

Muundo wa CB750 humsaidia fundi kwa namna ambayo wengi hawaitumii. Pikipiki ina koili mbili tu na seti mbili za pointi. Koili moja huhudumia silinda 1 na 4, nyingine 2 na 3, na kila koili hutoa cheche kwa silinda zake zote mbili kwa wakati mmoja. Moja hupata cheche inapohitaji kuwaka, mwenzake huipata wakati wa kutoa moshi, ambapo haina kazi.

Petroli nayo huenda kwa jozi, ila jozi tofauti. Koki ya tangi ina mipira miwili: mmoja hulisha kabureta za silinda 1 na 2, wa pili za silinda 3 na 4.

Kwa hiyo zikifa 1 na 4 pamoja, kosa linatafutwa kwenye umeme: pointi, kondensa, koili au nyaya zake. Zikifa 1 na 2 pamoja, umeme hauna sababu ya kushukiwa kwanza. Mpira uliojikunja au chujio la koki lililoziba upande mmoja ndilo jibu linaloelekea kuwa sahihi. Ikifa moja peke yake huku mwenzake wa koili yuko mzima, pointi na koili karibu ziondolewe kwenye orodha, na hubaki plagi, kofia yake, kabureta ya silinda hiyo, vali na ringi.

Kuna tahadhari moja. Umeme wa koili ya namna hii hutoka kwenye plagi moja, hupita kwenye hedi na kurudi kupitia plagi ya pili. Njia ikikatika upande mmoja, kwa mfano ndani ya kofia, silinda zote mbili hudhoofika. Lakini plagi ikiwa imeziba kwa masizi kiasi cha kupitisha umeme bila kuruka, mwenzake huendelea kuwaka vizuri. Isitoshe, katika kila jozi plagi moja hupokea umeme kwa mwelekeo wa kinyume na huhitaji volti zaidi kidogo. Ndiyo maana koili iliyochoka huanza kuangusha silinda moja kabla ya nyingine, na kumpeleka fundi kwenye kabureta isiyo na kosa.

Kusoma plagi

Plagi huchomolewa mara baada ya kuzima injini, kabla hali yake haijabadilika. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili njema, ingawa petroli ya siku hizi isiyo na risasi huacha rangi iliyopauka kuliko ile iliyoelezwa katika vitabu vya zamani. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au hewa kidogo. Weusi wenye unyevu wa oili ni ringi au sili za vali. Weupe wenye malengelenge ni joto kali, mara nyingi kwa sababu ya petroli kupungua.

Kwa silinda iliyokufa kabisa, swali kubwa ni moja: plagi imelowa au ni kavu? Iliyolowa na kunuka petroli inaonyesha kwamba mafuta yanafika na cheche ndiyo haipo au ni dhaifu, au kabureta inafurika. Iliyo kavu na safi inaonyesha kwamba mafuta hayafiki. Jibu hilo moja hupunguza kazi kwa nusu.

Umeme

Mafundi wa pikipiki za zamani wana msemo kwamba matatizo mengi ya kabureta yako kwenye umeme. Una ukweli mwingi, na uchunguzi wa umeme ni wa haraka na hauhitaji kufungua sehemu nyingi, hivyo huja kwanza.

Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote ni kubadilishana. Plagi ya silinda mbovu huhamishiwa silinda nzima. Kosa likihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Lisipohama, hufuata kofia. Kofia za aina hii hufungwa kwa kuzungushwa kwenye waya na huwa na kizuizi cha ndani ambacho kwa kawaida ni kilo-omu 5. Ikipimwa ikatoa makumi ya kilo-omu, au mita isisogee kabisa, hutupwa. Mwisho wa waya ukiwa umeota kutu ya kijani, kukata milimita 5 hadi 6 na kufunga kofia upya mara nyingi hutosha.

Cheche inayoonekana nje ya injini haithibitishi kitu. Hewa iliyogandamizwa ni ngumu kwa umeme kuipenya kuliko hewa ya kawaida, na koili dhaifu inayoruka pengo la 0.7 mm juu ya hedi inaweza kushindwa kabisa ndani ya silinda. Cheche ya kuaminika huruka pengo la takriban 6 mm, na huwa ya buluu yenye mlio mkavu. Ya njano au nyekundu ni dhaifu. Ndiyo sababu pikipiki yenye kosa la cheche huenda vizuri ikiwa imesimama na kuanza kumisi inapopanda mlima.

Pointi za CB750 huwekewa pengo la 0.3 hadi 0.4 mm. Nyuso zilizoungua au kuota kichuguu husafishwa au kubadilishwa. Zikiungua tena upesi, au zikitoa mwako mkubwa zinapofunguka, hushukiwa kondensa. Kondensa hugharimu kidogo, na kuibadilisha kwa majaribio si kosa.

Kitu kinachosahaulika ni volti zinazofika kwenye koili. Umeme wa koili hupita kwenye swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia injini na viunganishi kadhaa ambavyo vimeishi miaka hamsini. Betri ikiwa na volti 12.5 na koili ikapata 10.5 tu pointi zikiwa zimefungwa, volti mbili zimepotelea njiani, na hakuna koili mpya itakayozirudisha. Mijini mwa pwani, penye hewa ya chumvi, viunganishi hivyo ni vya kufunguliwa na kusafishwa kabla ya kununua chochote. Nyaya za plagi zilizopasuka hujionyesha usiku: injini ikiwaka gizani, umeme unaovuja huonekana ukicheza juu ya waya.

Mafuta na hewa

Kabureta huwa na njia tofauti kwa kila kiasi cha mkono wa mafuta. Katika sailensa na hadi karibu robo ya mkono, petroli hupita kwenye jeti ndogo. Kutoka robo hadi robo tatu hutawala sindano, na juu ya hapo jeti kubwa. Silinda inayokufa kwenye sailensa na kufufuka pikipiki ikikolea mwendo kwa hiyo huelekeza kidole kwenye jeti ndogo. Tundu lake katika CB750 lina kipenyo cha 0.40 mm, kama namba 40 iliyochongwa juu yake inavyoonyesha. Petroli iliyolala miezi kadhaa kwenye bakuli huacha utando wa gundi, na tundu la ukubwa huo huzibwa na utando mwembamba sana. Pikipiki nyingi za zamani zilizoegeshwa kwa muda mrefu huugua hapo.

Choki hutoa ushahidi mzuri. Ikivutwa kidogo injini ikiwa ya moto na silinda iliyokufa ikaanza kuwaka, silinda ilikuwa ikikosa petroli au ikivuta hewa ya ziada. Ikizidi kuwa mbaya, ilikuwa imejaa petroli tayari.

Kabla ya kushusha kabureta zote nne, bakuli la ile inayoshukiwa hufunguliwa. Kwenye CB750 hushikwa na waya wa springi tu, na hutoka bila kung'oa kabureta. Ndani huonekana kama petroli ipo, ina maji au kutu ya tangi, na kama boya linapanda na kushuka bila kukwama. Jeti husafishwa kwa dawa na hewa ya kompresa. Kuichokonoa kwa waya wa chuma huongeza tundu, na tundu lililoongezeka haliponi.

Hewa ya ziada huingia kupitia mipira inayounganisha kabureta na hedi, ambayo hukakamaa na kupasuka kwa umri, au kupitia tundu dogo la kupimia mvuto ambalo skrubu yake imepotea. Mafundi wengi hupuliza dawa ya kabureta kuzunguka mipira na kusikiliza kama mlio unabadilika. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ni kupuliza kitu kinachowaka juu ya injini ya moto yenye cheche zinazovuja. Maji kutoka chupa ya kupulizia hutoa jibu lilelile bila moto.

Mwinuko wa nchi hubadilisha mchanganyiko, lakini kwa silinda zote kwa usawa. Nairobi, ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, una hewa nyepesi kuliko Mombasa kwa karibu moja ya sita, na pikipiki iliyorekebishwa pwani huonyesha masizi ikifika huko. Plagi zote nne huwa nyeusi. Ikiwa nyeusi ni moja tu, mwinuko hauhusiki.

Vali na mgandamizo

Ikiwa cheche ni nzuri na petroli inafika, hubaki injini yenyewe. Nafasi ya vali, ambayo mafundi huita tapeti, hupimwa injini ikiwa baridi: 0.05 mm kwa vali za kuingiza na 0.08 mm kwa vali za moshi. Tapeti inayogonga husikika na kurekebishwa. Iliyobana haina sauti, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Vali isiyofunga kikamilifu hupitisha moto ukingoni mwake na kuungua.

Mgandamizo hupimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mkono wa mafuta umefunguliwa hadi mwisho na betri imejaa. Mkono ukiwa umefungwa, hewa haiingii na namba zote huwa za uongo. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda. Tatu zikilingana na moja ikiwa chini sana, tatizo limepatikana. Kijiko cha chai cha oili humiminwa ndani ya silinda hiyo na kipimo kurudiwa. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, vali au gasketi ya hedi ndiyo inayovuja. Hewa ya kompresa ikiingizwa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na vali zimefungwa, husikika inakotokea: kwenye kabureta kama ni vali ya kuingiza, kwenye bomba la moshi kama ni vali ya moshi, na kwenye kipumulio cha injini kama ni ringi.

Mpangilio wa kazi

Kusawazisha kabureta nne kwa geji za mvuto ni kazi ya mwisho. Ikifanywa wakati tapeti zimebana au pointi hazijapangwa, fundi husawazisha kabureta nzima zifuate ugonjwa wa nyingine, na pikipiki hutoka gereji ikiwa na makosa mawili. Vivyo hivyo kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja huweza kuponya pikipiki bila mtu kujua kilichoiponya, na kosa likirudi hakuna pa kuanzia.

Uchunguzi hufanywa mahali penye hewa, kwa sababu moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua. Petroli iliyomwagika wakati wa kufungua bakuli hufutwa na kuachwa ikauke kabla ya cheche yoyote kupimwa. Matundu ya plagi yaliyo wazi hutema mvuke wa petroli injini ikizungushwa, hivyo plagi ya majaribio huwekwa mbali nayo.

Pikipiki za silinda moja

Pikipiki nyingi za bodaboda Afrika Mashariki zina silinda moja, kabureta moja na CDI badala ya pointi. Hapo swali la "silinda ipi" halipo, wala hakuna silinda jirani ya kubadilishana nayo vifaa. Fundi huazima plagi, koili au CDI ya pikipiki nyingine ya aina hiyohiyo. Kumisi husikika kama kukatika kwa mlio, na injini huzima kabisa mapema zaidi. Mpangilio wa plagi, cheche, mafuta na mgandamizo ni uleule. Tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi likiziba, pikipiki huenda dakika kadhaa, humisi na kuzima, kisha huwaka tena kifuniko kikifunguliwa. Bajaj Pulsar zenye mfumo wa DTS-i zina plagi mbili katika silinda moja. Moja ikifa, nyingine huendelea kuchoma mchanganyiko, na mwendeshaji huona tu kwamba pikipiki imepoteza nguvu kidogo na inakula mafuta, mpaka fundi atoe plagi zote mbili na kuzilinganisha.